Wakfu wa Jembe: Katika Kutafuta Ufadhili wa Masomo ya Kilimo

Alasiri moja ya mwezi wa Julai, machungwa yakiwa yamejaa kando ya barabara ya Muheza hata wauzaji wamechoka kuwaita wapita njia, aliwasili nyumbani kwangu Tanga binti wa dada yangu, mkono mmoja ameshika kikapu cha machungwa na mkono wa pili bahasha ya kaki iliyochakaa pembe, akanipa shikamoo kwa adabu aliyofunzwa na bibi yake, nami nikamwitikia marahaba na kumkaribisha kivulini. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka siku chache kabla. Alikuwa amefaulu vizuri katika tahasusi ya Kemia, Baiolojia na Kilimo, na ndani ya bahasha ile mlikuwa na kila hati aliyopata kupewa tangu kuzaliwa kwake.

"Mjomba," akasema, "nimekuja unisaidie kutafuta skolashipu."

"Ya kusoma nini, mwanangu?"

"Kilimo."

Nakiri kwamba nilinyamaza muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mimi ni mtu wa zamani, na kwa watu wa hirimu yangu neno kilimo shuleni lilikuwa na harufu ya adhabu: mchelewaji alipimiwa matuta, mpiga kelele alipewa jembe, na aliyeshindwa na hesabu alikwenda kung'oa magugu ilhali wenzake wakiendelea na somo, hata tukamaliza shule tukiamini kwamba kalamu ni ya mwerevu na jembe ni la mkosaji. Mwalimu Nyerere aliuona ugonjwa huo mapema, akaandika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, akitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe. Lakini waraka ulikaa ofisini na mwalimu wa zamu alikaa uwanjani, na katika shule nyingi shamba likabaki pale pale pa kumpeleka mtoto aliyekosa. Kwa hiyo msichana aliyekuja kwa hiari yake kuniambia kwamba ataka kusomea jembe alinitia haya kwanza, kisha akanitia furaha.

Nikamwambia kwamba habari za skolashipu za siku hizi sizijui vema, ila liko jambo moja la zamani nilijualo, nalo ni wakfu, na kwamba kwa maoni yangu mambo haya mawili ni ndugu wa baba mmoja.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa wakfu ni nini. Mtu mwenye shamba la minazi huko Pemba, au Lamu, au Pangani, akiona siku zake zinapungua, hulifunga shamba lile lisiuzwe wala lisirithiwe, ili mazao yake yawashe taa za msikiti, au yamlishe mwanachuoni na wanafunzi wake, au yawafae mafukara wa mtaa. Na tangu siku ile shamba huwa halina mwenyewe tena, bali lina sharti. Wanazuoni wa fikihi walilitukuza sharti la mwenye kuweka wakfu hata wakalifananisha na andiko la sheria. Akisema mafuta ya taa, ni mafuta ya taa; akisema mayatima wa mji fulani, yatima wa mji wa pili hapati hata akiwa na njaa zaidi. Sasa mwombaji wa ufadhili anayepeleka barua moja ile ile kwa wafadhili kumi na wawili, akibadilisha jina la juu tu, amefanana na mtu aliyepita kila msikiti akiomba gawio la wakfu bila kuuliza uliwekwa kwa ajili ya nani. Hufukuzwa kila mlango, kisha hurudi nyumbani akisema kwamba bila kujuana hakuna kinachopatikana. Kujuana kupo, sikatai. Lakini katika maombi niliyopata kuyasoma, aghalabu kilichomwangusha mwombaji ni sharti ambalo hakulisoma.

Tena fadhila hizi za kilimo, ukizichungua asili yake, nyingi ni wakfu wa ardhi hasa. Tazama Marekani. Tarehe 2 Julai 1862, wakiwa katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyopelekwa Bungeni na Justin Morrill wa Vermont, ambayo kwayo kila jimbo lilipewa ekari 30,000 za ardhi ya serikali kwa kila mbunge na kila seneta wake, ardhi hiyo iuzwe na thamani yake iwekwe akiba ya kudumu kwa ajili ya vyuo vya kilimo na ufundi. Vyuo kama Cornell na Ohio State vilineemeka kwa sheria hiyo. Insafu yataka tuseme pia kwamba sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji wa asili, kwa mikataba ya hila ama kwa bunduki, na kwamba watu weusi wengi wa majimbo ya kusini walingoja mpaka sheria ya pili, ya mwaka 1890, ndipo wakapata vyuo vyao. Wakfu wa mali ya mtu mwingine ni suala ambalo makadhi wangelijadili usiku kucha.

Huku kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton wa Tatton alitoa ekari 740 huko Njoro, katika nyanda ambazo serikali ya kikoloni ilikuwa imewatengea walowezi, ili pawe na shule ya kuwafundisha ukulima vijana wa Kizungu. Baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1987 shule ile ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, Uingereza ilianzisha ufadhili wa kilimo kwa ajili ya makoloni yake, vijana wake wakisomeshwa mwaka mmoja Cambridge na mwaka wa pili katika chuo cha kilimo cha nchi za joto kisiwani Trinidad, ndipo wakaletwa kwetu kuwa mabwana shamba wakubwa. Mimi nimekulia karibu na milima ya Amani, ambako Wajerumani walikuwa wameanzisha kituo chao cha utafiti tangu 1902, na wazee wetu walikijua kituo kile kwa kazi ya vibarua. Walibeba miche na kufyeka njia. Hakuna aliyewaambia kwamba palikuwapo fedha za kumsomesha mtu elimu ya ile miche.

Nilimweleza binti haya yote, naye akanisikiliza kwa subira ya kijana anayejua kwamba mjomba hana budi kumaliza, kisha akaniuliza swali la maana: "Sasa mjomba, tuanzie wapi?"

Tukaanzia Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichokaa chini ya milima ya Uluguru, kilizaliwa Julai 1984 kutokana na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari katika mkoa ule ule tarehe 12 Aprili mwaka huo. Tangu hapo chuo hicho kimekuwa mahali ambapo fedha za mataifa mengi hukutana. Wanorwe wamekisaidia kwa miongo kadhaa. Wabelgiji nao wameshirikiana nacho katika mambo mengi, mojawapo likiwa elimu ya panya, na asicheke mtu, kwa maana panya ndiye mshiriki mkubwa wa mkulima wa mahindi ambaye hakualikwa. Na hapo hapo Morogoro panya buku hufunzwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Benki ya Dunia ilipoanzisha mwaka 2016 awamu yake ya vituo vya umahiri katika vyuo vikuu vya mashariki na kusini mwa Afrika, Sokoine kilipata viwili, kimoja cha maradhi ya kuambukiza na kimoja cha udhibiti wa panya. Maana yake ni kwamba kijana wa Kitanzania ameweza kusomea shahada ya uzamili au ya uzamivu juu ya panya, kwa ufadhili.

Mfano mwingine una funzo chungu. Mwaka 2011 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilianzisha mradi wa kukiimarisha chuo hicho, ukiongozwa na Ohio State, chuo kile kile kilichoneemeka kwa ekari za Morrill, na kwa mradi huo zaidi ya Watanzania mia moja walisomeshwa shahada za juu za kilimo. Fedha za bunge la 1862, kwa njia ndefu na ya kupindapinda, zilikuwa zimefika Uluguru. Lakini Julai 2025 shirika lile lilifungwa rasmi na serikali ya nchi yake, na miradi mingi ya utafiti wa kilimo iliyotegemea mfuko wake ikakatika. Huo hasa ndio upungufu wa msaada ukilinganishwa na wakfu: shamba la minazi lililofungwa kisheria halikauki kwa kubadilika kwa rais.

Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata hivyo, maneno ya wafadhili wa ng'ambo ni hadithi ya jioni. Mlango wake wa asubuhi ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata; na fedha zake za kujikimu vijana huziita bumu, kwa sababu, nadhani, ya kishindo cha furaha siku zinapoingia, na ukimya unaofuata wiki ya tatu. Mkopo si fadhila, ni deni, na aliyekopa akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka limalizike, ingawa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikilifanya deni linenepe kila mwaka kama ndama wa mfugaji mwenye bahati, ilifutwa mwaka 2021. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo hiyo imewafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na kilimo na mifugo vikawamo katika fani zilizotajwa. Jambo hili ni kubwa kuliko lilivyotangazwa, kwa sababu bwana shamba anayemfikia mkulima kijijini kwa pikipiki mara nyingi ni mtu wa stashahada, aliyetoka katika vyuo kama Mlingano, Ilonga, Uyole au Ukiriguru, na kwa miaka mingi kijana wa namna hiyo alikuwa hana wa kumkopesha ila mjomba wake.

Hapa nieleze kisa kidogo cha cheti. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa serikali wa usajili, na huo ni utaratibu wa haki. Cheti cha binti yetu kilikuwa na herufi moja ya jina la baba iliyotofautiana na hati ya shule. Ofisi moja ikatutuma kwa nyingine, na ile nyingine ikaturudisha kwa ya kwanza, na karani mmoja, mtu mpole kabisa asiyekuwa na haraka na chochote duniani, akatuambia tusubiri. Tulisubiri siku kumi na saba kwa ajili ya herufi. Tangu siku ile kila mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu nikutanaye naye msikitini au sokoni humwambia: fungua sanduku leo, linganisha majina, rekebisha sasa. Hiyo ndiyo nasaha yangu ya kwanza katika kutafuta ufadhili, na hailipiwi.

Kwa jirani zetu wa Kenya lugha ni nyingine kidogo ingawa taabu ni moja. Huko wao husema basari, na mzazi huitafuta katika mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lake na katika serikali ya kaunti, na mkopo wa chuo kikuu huutafuta kwa bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995.

Sasa tuje katika milango ya mbali, kwa kuwa msomaji kijana amekwisha kupekua ukurasa akiitafuta. Kwa shahada ya kwanza ya kilimo, mlango mmoja wa ajabu uko Amerika ya Kati: Chuo Kikuu cha EARTH, kilichofungua madarasa yake mwaka 1990 katika Guácimo, upande wa nyanda za joto za Costa Rica, ambako mwanafunzi hushinda shambani sawasawa na anavyoshinda darasani, na ambako Mfuko wa Mastercard umewasomesha vijana wengi kutoka Afrika. Masomo yake kwa asili ni ya Kihispania, kwa hiyo Mwafrika hujifunza lugha kwanza. Na kwa mtoto wa Kiswahili aliyekwisha kuzoea kuandika kila neno kama linavyotamkwa, naambiwa Kihispania si adui mkali. Sharti la wakfu huo ni rahisi kulisema na gumu kulitimiza: wataka kijana mwenye akili, asiye na uwezo, na mwenye dalili kwamba atarudi kufanya jambo kwao.

Kwa shahada za juu milango huongezeka. Yako maskani ya RUFORUM huko Makerere, jumuiya iliyoanzishwa na vyuo vikuu kumi vya mashariki na kusini mwa Afrika mwaka 2004, ambayo imeshughulika hasa na kuwasomesha watafiti wa kilimo ndani ya Afrika yenyewe. Uko mpango wa AWARD wa Nairobi, ulioanza mwaka 2008 kwa ajili ya wanawake watafiti wa kilimo, ambao hautoi karo bali humpa mwanamke mwanasayansi mlezi wa kumwongoza kazini. Nami nasema bila woga kwamba kwa binti aliye peke yake katika idara ya wanaume kumi, mlezi mwema aweza kuzidi karo. Iko skolashipu ya Jumuiya ya Madola, iliyoasisiwa mwaka 1959. Ziko za Wajerumani, zitolewazo na DAAD, kwa masomo katika vyuo kama Hohenheim na Göttingen na pia katika vyuo vya Afrika. Na katika ule mpango wao wa masomo ya maendeleo huko Ujerumani, mwombaji kwa kawaida hutakiwa awe amefanya kazi si chini ya miaka miwili, na shahada yake isizidi umri wa miaka sita. Soma tena sharti hilo. Mhitimu aliyetoka chuoni jana hafai bado, na aliyekaa miaka minane akingoja ajira amechelewa. Kumbe yule aliyekwenda kijijini akafanya kazi ya ugani miaka mitatu kwa mshahara mdogo ndiye aliyekusudiwa.

Kuna milango mingine inayoitwa ya masomo ilhali ndani yake mna kazi. Vijana wengi wa Kitanzania wamekwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo ya miezi kumi na mmoja, na wako waliorudi na maarifa ya umwagiliaji wa matone na akiba ya fedha. Wako pia wawili waliouawa katika mashambulizi ya tarehe 7 Oktoba 2023, na wazazi wao, waliowaaga kama wanafunzi, wakapokea majeneza. Sisemi mtu asiende. Nasema kabla ya kutia sahihi aulize: siku ngapi darasani, siku ngapi shambani, nani hulipa matibabu, na ubalozi uko umbali gani.

Juma la pili binti alikuja mbio. Simu yake ilikuwa imepokea ujumbe wa kumpongeza kwa kuteuliwa, yeye asiyekuwa ameomba, kupewa ufadhili kamili katika nchi ya baridi, na kwamba kilichobaki ni kutuma shilingi 85,000 za kufungulia faili, kabla ya saa kumi jioni. Mama yake alikuwa amekwisha kuzihesabu kutoka katika fedha za machungwa. Nikamuuliza: "Wakfu gani huu, mwanangu, unaomtoza maskini kiingilio?" Akaketi. Ni kweli kwamba ziko ada za halali, na Bodi ya Mikopo yenyewe hutoza ada ya fomu. Lakini ada hiyo hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, wala haiingii katika simu ya mtu asiyejulikana. Na matapeli wanajua saikolojia ya maskini kuliko maprofesa: daima huweka saa.

Ilipofika zamu ya barua ya maombi ya skolashipu ya ng'ambo, ndipo nilipogundua kazi hasa ilikokuwa. Alinisomea aliyokuwa ameiandika. Ilianza kwa kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, ikaendelea kusema kwamba amekipenda tangu utotoni, ikamalizia kwa ahadi ya kuitumikia jamii. Hayo yote ni kweli, na yote huandikwa na kila mwombaji kuanzia Bukoba hadi Mtwara, hata nikamhurumia msomaji wa barua hizo, ambaye hukutana na uti wa mgongo ule ule mara mia nne kwa siku.

Nikachukua chungwa moja kikapuni. Lilikuwa na tundu dogo kama la sindano, na kando yake ngozi imelegea. "Hili lina nini?"

Akacheka. "Hilo limeumwa na nzi, mjomba. Ukilipasua utakuta funza." Kisha, bila kuombwa, akanieleza kwa nusu saa. Kwamba bibi yake ana michungwa arobaini na kitu. Kwamba walanguzi huja na matenga yao na kuyakataa yenye tundu. Kwamba wao huyazoa yaliyoanguka na kuyafukia, maana mwalimu wake wa kilimo alimwambia kwamba yakiachwa chini nzi huzaliwa upya. Kwamba nzi mkubwa wa matunda anayewatesa si mwenyeji, asili yake ni Asia, na kwamba katika upande wetu wa dunia alionekana kwanza Kenya mwaka 2003. Na kwamba yeye, akiwa kidato cha tano, alichagua miti mitatu ya bibi na kila likizo akahesabu kila wiki yaliyoanguka na kuyaandika katika daftari.

"Daftari liko wapi?"

"Liko nyumbani."

"Na kwa nini hukuyaandika haya katika barua?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mjomba, nilidhani hayo ni mambo ya nyumbani tu."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Tumemsomesha mtoto miaka kumi na mitatu, tukamfundisha kwamba elimu ni maneno makubwa yaliyo mbali na kwao, hata alipoulizwa na dunia ajua nini, akaificha ile elimu aliyoizalisha mwenyewe chini ya mchungwa wa bibi yake, akatoa ile aliyoazima. Mfadhili wa kilimo, awe Mjerumani au Mkenya, hana haja ya kuambiwa kwamba kilimo ni muhimu. Angekuwa hajui asingeweka wakfu. Anachotafuta ni mtu aliyekwisha kuanza. Miti mitatu na daftari ni utafiti, mdogo, wenye kasoro, lakini utafiti, na huko Morogoro wako wataalamu ambao kwa miaka kadhaa wamemchunguza nzi huyo huyo pamoja na wenzao wa Ubelgiji.

Tuliiandika barua upya, kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa mtu hufikiri vema katika lugha anayoiotea ndoto, kisha yeye mwenyewe akaipeleka katika Kiingereza. Ilianza na idadi ya machungwa yaliyoanguka chini ya mti wa kwanza katika wiki ya pili ya Juni. Uti wa mgongo haukutajwa.

Msomaji angependa niseme kwamba aliipata skolashipu ya ng'ambo. Hakuipata. Barua yake ilikuwa tayari siku kumi na moja kabla ya mwisho. Wasifu wake ulikuwa tayari. Barua moja ya mapendekezo ilifika. Barua ya pili, iliyotakiwa kutoka kwa mkuu aliyemfahamu miaka miwili na aliyekuwa amekubali kwa maneno matamu kuiandika, ilikaa juu ya meza yake, chini ya mafaili mengine, ikafika siku tisa baada ya mlango kufungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shughuli, na alidhani siku tisa si kitu.

Binti alipata mkopo wa serikali, si wote bali sehemu, na sehemu iliyobaki tumeichangia sisi wa ukoo kwa namna zetu. Sasa yuko Morogoro, mwaka wa pili, na daftari lile limekwisha kujaa, amenunua la pili. Ataomba tena akimaliza.

Kwa hiyo neno langu la leo si kwa vijana, ambao wameambiwa ya kutosha. Ni kwenu walimu wakuu, wakuu wa idara, maafisa kilimo wa wilaya na masheha, nyote mnaoshika mihuri. Katika meza yako, ndugu yangu, huenda liko jalada la mtoto wa mtu anayengoja barua ya ukurasa mmoja. Litafute kabla hujatoka ofisini Jumatatu, mwandikie, utie sahihi na mhuri, kisha umpigie simu aje aichukue.